Tangi Namba Kumi na Saba

Miaka thelathini na mmoja nimepanda ngazi hii,
vidato tisini na vinne; cha sitini kimelegea
tangu mwaka aliozaliwa Yusmari.
Niliripoti. Wakanijibu kwa barua: limepokelewa.

Kazi yangu haina mbwembwe.
Nafungua kifuniko, nateremsha utepe wa chuma
wenye timazi ya shaba,
nasubiri iguse chini,
naupandisha, natazama weusi umeishia wapi,
naandika.

Zamani weusi ulinipaka hadi kiwikoni.
Osmaira akinisugua kwa limau na chumvi
akisema, "Mie nimeolewa na utambi."
Tukicheka. Utambi ulioloa
hauulizi habari za kesho.

Kampuni ilitulea, siwezi kukana.
Hospitali yenye mapazia ya kijani,
jezi za besiboli, paja la nguruwe kila Krismasi,
na alipokufa baba ilileta shada
lenye nembo katikati, kubwa kuliko msalaba.
Nikaipenda ile nembo.
Niliivaa hata kwenye harusi za watu.

Kisha pampu ya pili ikafa
tukaichuna vipuri ili ya tatu iishi,
na ya tatu ikafa imevaa viungo vya dada yake.
Mameneja walipita kama wageni wa msibani:
wanasaini kitabu, wanakula, wanaaga.
Ziwani minara imeinama,
na mvuvi wa Cabimas anaosha nyavu zake
kwa petroli, akiipata,
kutoa mafuta yetu ambayo sisi hatuyapati.

Alhamisi nikateremsha utepe.
Ukashuka. Ukashuka.
Timazi ikagonga bati: ngo!
Ukarudi mkavu, na uzi wa buibui.
Nikaandika sifuri.

Akaniita injinia Hebert Chourio,
niliyemfundisha mimi kusoma utepe.
"Mzee Nerio, andika mita nne.
Makao makuu wanataka nne."
Sikumchukia. Kola ya shati lake
ilikuwa imegeuzwa na kushonwa upya.
"Nne na ngapi?" nikauliza,
maana mpimaji hodari haandiki namba nzima.
"Nukta sita."
Nikaandika. Mkono haukutetemeka,
na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Leo ni siku ya tatu kwenye foleni ya petroli.
Gari nalisukuma kwa bega, hatua kumi kwa saa.
Mama mmoja akaiona kofia yangu:
"Wewe si mtu wa Kampuni? Kweli yapo?"

Nilifungua mdomo nimwambie.
"Mita nne," nikasikia sauti yangu, "na nukta sita."

Habari ikarudi nyuma, dirisha hadi dirisha,
mita nne, mita nne,
ikakata kona pale kwa muuza betri,
na huko mwisho, nisikokuona,
mtu akapiga makofi.