Mzigo 4417

Kwenye kizuizi cha barabara ya Sake
mtoza ushuru hahesabu viazi.
Anaandika: chukudu moja, imejaa,
anagonga muhuri,
Paluku anainama, anasukuma.

Ndivyo inavyofanya mashine yangu usiku
hapa maternite ya Majengo,
umeme ukikubali.
Inaokota faili ndogo ndogo:
uzito, saa, jina la mama,
unyayo wa wino usiozidi kidole changu,
inazifunga kwa kamba moja,
na katika daftari lake kuu
inaandika mstari mmoja tu:
mzigo 4417, ndani 212.
Ukitaka kujua ni nani na nani, fungua.

Mwezi wa tatu mhasibu alileta karatasi.
Nafasi inaisha, alisema, diski hatupewi bure,
punguza wasio na kazi.
Wa kwanza kwenye orodha: mtoto wa Mbambu,
aliyekaa siku tatu
akaondoka kabla ya kupewa jina.
Nikafuta. Mbofyo mmoja,
kama kupangusa vumbi la volkano mezani.
Daftari likatii: ndani 211.

Miaka sita.
Mbambu akaja na kitenge kilicholowa,
akauliza kama anayeuliza bei ya makaa:
Kuna mahali palipoandikwa kwamba alizaliwa?

Nilitaka kusema hapana.
Nikamkumbuka Paluku, siku nilipomsimamisha njiani:
Mama, nifungue mzigo wote kwa kiazi kimoja?

Mashine nayo haifungui.
Hufuta kwenye daftari, ndani haigusi,
hungoja hadi wote waishe muda wao ndipo iuchome.
Na wenzake bado walikuwa na kazi:
huyu anaandikishwa shule Ndosho,
yule baba zake wawili wako mahakamani,
wale pacha walihamia Minova, karatasi zao zikalowa.
Kwa ajili yao mzigo haujaguswa.

Nikafungua. Nikahesabu kwa kidole juu ya kioo.
Mia mbili na kumi na mbili.

Kilo mbili, gramu mia moja. Saa kumi alfajiri.
Unyayo wa kushoto, wino umevuja kisiginoni.

Printa ilikwama mara mbili.
Mbambu akaikunja karatasi mara nne,
akaitia kifuani,
alipofika mlangoni akageuka:
Na hao aliofungwa nao, wote wazima?

Nikamwambia sijui.
Hilo daftari haliandiki.