Mkono wa Silikoni

Damu naipika mimi, alfajiri, waigizaji hawajafika:
sharubati ya mahindi, rangi ya keki,
kijiko cha kakao isije ikafanana na peremende,
na tone la bluu, maana damu isiyo na bluu
hudanganya mbele ya kamera.
Husemwa damu nzito kuliko maji. Yangu nzito kuliko uji.
Studio iko Kawasaki, ukuta mmoja na kiwanda cha tofu;
mvuke wao na mvuke wangu hukutana dirishani.
Miaka ishirini na sita naua wasichana.
Hakuna aliyekuwa amefikisha ishirini na sita.

Hii ni tofauti, alisema mwongozaji Hirabayashi.
Safari hii tunawashtaki watazamaji.

Kisa chenyewe: wasichana saba jukwaani, sketi za shule,
na mashabiki foleni, tiketi mkononi:
tiketi moja, sekunde nne za kushikana mikono.
Kisha bei inapanda.
Kisha tiketi zinasomeka vingine.
Huyu kanunua kifundo, yule kope, yule shavu la kushoto,
na kila mmoja huja na kisu chake, huinama kwanza,
huomba radhi kwa usumbufu,
hukata alicholipia.
Hakuna anayegusa cha mwenzake.

Kanoko alitoka Tottori, miaka kumi na tisa,
kovu dogo kidoleni, kisu cha tufaha, akasema.
Nilimtumbukiza mkono kwenye ndoo ya ute wa bluu,
nikamwambia asitikisike dakika tano.
Akauliza: hii mikono huenda wapi filamu ikiisha?
Stoo, nikamjibu. Rafu ya chini.
Ipo mingapi?
Sikuwahi kuhesabu. Nilidanganya. Wake ulikuwa wa mia na tatu.

Siku ya nane alikuwa amekufa tangu saa mbili asubuhi,
kalala kwenye vigae, nami na brashi yangu
namwongeza shingoni kila damu inapokauka.
Mpiga picha alilala kifudifudi;
lenzi ikaanza kwenye soksi, ikapanda.
Kijana wa mavazi akaja, akaivuta sketi juu
upana wa kidole.
Wakarudia. Akaja tena, kidole kingine.
Nikauliza, sijui nilipata wapi sauti:
maiti huyu anatazamwa na nani?
Hirabayashi akatabasamu kama mwalimu:
ndiyo hoja yenyewe, mama.
Hoja ilirudiwa mara kumi na moja.

Mara ya kumi na mbili, kamera inapanda,
koo wazi, macho yamefumba,
mkono wake mmoja uliobaki
ukatambaa kwenye damu yangu, taratibu,
ukaishika sketi,
ukaishusha.

Kata! Mtu akatukana. Hirabayashi hakusema kitu.

Ikebukuro, onyesho la saa sita usiku.
Mimi huketi nyuma, huwasikiliza.
Mkono wa kwanza ukikatika hushtuka,
wa pili huguna, wa tatu hucheka; ndivyo walivyo siku zote.
Walicheka kwa kifundo, walicheka kwa kope.
Kisha vigae, kisha soksi, kisha lenzi inapanda,
na ule mkono. Alikuwa ameuacha, Hirabayashi,
mzima, bila kuukata.
Ukumbi ulinyamaza. Mbele yangu mtu alikuwa anatafuna,
akaacha, na hakumeza.

Nikadhani: basi. Miaka ishirini na sita, basi.

Nje, kwenye korido, mwanamume mwenye taulo shingoni
alimwendea Kanoko, akanyoosha mkono.
Nyuma yake wakajipanga wengine, thelathini hivi,
na hakuna aliyewaambia wajipange.
Kanoko akafungua begi.
Akautoa ule wa mia na tatu, wenye kovu la tufaha
(alipita stoo lini, sijui),
akampa.

Aliupokea kwa mikono miwili.
Niliiona midomo yake ikihesabu: moja, mbili, tatu, nne.
Akaurudisha. Akainama. Akashukuru.

Aliyefuata akasogea mbele.