Kitufe cha A

Kitufe cha a kilikufa Jumanne,
wiki ya pili ya muhula,
chai ya Mmbone ilipomwagika
akikariri mifupa ya mkono kwa sauti.
Yeye anasomea uuguzi. Hulala akihesabu mifupa
kama wengine wanavyohesabu madeni.

Nikaandika mama, ikatoka mm,
kama mtu anayeitikia usingizini.
Nikaandika Kakamega, ikatoka kkmeg,
mlio wa kitu kilichokwama kooni.

Ambani, fundi wa pale Lurambi,
aliipindua laptopu, akainusa.
"Chai ya maziwa," akasema. "Na sukari mmeitia kweli."
Kibodi mpya elfu mbili na mia tano.
Nilikuwa na mia tatu
na bando la siku moja.

Basi nikanakili a moja
kutoka kwenye barua ya kudai karo,
nikawa naibeba kutwa,
naibandika kila inapohitajika,
vidole viwili kwa kila a.
Hujui Kiswahili kinavyozipenda a
mpaka uzilipie moja moja.

Saa tisa mvua hufika. Haijawahi kukosa kipindi.
Mabati ya ukumbi yanapandisha sauti,
Dakta Oyiela ananyamaza katikati ya sentensi
na kuendelea kwa chaki,
ubao mzima wa miti inayoota kichwa chini,
mizizi juu, majani chini, ndivyo kompyuta inavyopanda.
Mimi husimama dirishani.
Viti viliisha saa nane,
na waifai haivuki dirisha hilo.
Kisha umeme unakatika,
na watu mia mbili tunasema "aaa!" kwa pamoja.
A tele, za bure,
na siwezi kunakili hata moja.

Mradi wangu ni daftari la mama.
Ana kibanda Khayega, anakopesha,
na daftari lake halina jina hata moja.
Jogoo ni yule jirani anayedamka kuomba chumvi.
Kofia ni mwalimu mstaafu.
Kiatu kimoja, sijui, hajawahi kuniambia.
Nikayageuza yote kuwa majina, tarehe, shilingi,
na rangi nyekundu kwa waliochelewa.
Usiku tatu. A mia nne na kitu.

Jumamosi nikampelekea.
Alivaa miwani, akakitazama kioo
kama anavyotazama maharagwe kwenye ungo.
"Huyu mwekundu ni nani?"
"Selina, mama. Unga, sabuni, mafuta ya taa. Miezi minane."
Akasogeza kidole, asiguse.
"Huyo nilimchora tone la maji. Kwa penseli.
Wengine wote ni kalamu.
Wewe msomi, hukujiuliza?"

Kulikuwa na mteja, akaenda kumpimia sukari.
Nikabaki na daftari.
Kweli, tone lilikuwa limefifia,
na chini yake karatasi imechubuka
pale palipowahi kuwa na matone mengine.

Vitabuni mwangu kuna sura nzima ya kuhifadhi,
na sura nene zaidi
ya kurejesha kilichopotea.
Ya penseli sijaifikia.
Nilimuuliza Dakta Oyiela, akacheka,
kisha hakucheka, akasema nirudi Alhamisi.

Sasa ni usiku, mvua imebaki kwenye michirizi.
Mmbone amelala kwenye mfupa wa kumi na tisa,
kiganja wazi juu ya blanketi.
Naongeza kitufe kwenye programu.
Nakiita Sahau:
s, a ya kubandika, h, a nyingine, u.

Mara ya kwanza sikubandika kitu, vidole vilichoka,
ikatoka shu,
kama mvua inapoachilia mabati.
Nikaitazama kwa muda.
Nusura niiache hivyo.