Mikono Miwili ya Mkole

Pinde mbili nimeshazichoma jikoni.
Wa kwanza ulipasuka penye fundo,
wa pili niliuharibu kwa haraka yangu mwenyewe,
jioni moja, umeme ukipotea na kurudi,
nikitaka kumaliza kabla ya chakula.
Chai ya siku ile ilichemka vizuri, tusikufuru.

Huu wa tatu ni mkole wa Marigat.
Dada yangu Tapsabei aliuleta Elburgon juu ya lori la matikiti,
umefungwa leso kama mgonjwa.
Niliuanika darini miezi saba,
karibu na moshi, mbali na jua,
ncha zake nimezipaka nta ya nyuki zisipasuke.
Mimi ni fundi wa vitanda na majeneza;
mbao zangu zimezoea kuambiwa zinyooke.
Huu najifunza kuuambia: pinda,
lakini usivunjike. Pinda,
lakini urudi.

Panga kwanza, kisha randa, kisha tupa,
kisha kipande cha chupa ya soda.
Mgongo siugusi. Mgongo ni pete moja ya mti,
mvua za mwaka mmoja kutoka ncha hadi ncha,
ukiukata mwaka huo umekata kila kitu.
Nakwangua tumbo tu.

Baba amekaa kwenye kiti kilichoagizwa na mteja asiyerudi.
Tangu Machi mkono wake wa kushoto umelala pajani
kama kitu alichoombwa akishike kwa muda.
Maneno pia yamepungua. Yaliyobaki
anayatoa kama mtu mwenye sarafu tatu
na safari ndefu.

Naufunga uzi mrefu, wa kulegea,
nautundika upinde kwenye ubao wa ukutani,
navuta kamba, shubiri moja,
naachia.
Mara thelathini. Mti hauambiwi mara moja.
Mkono wa juu unainama kwa heshima,
wa chini umekakamaa kama askari wa geti.

"Chini," anasema Baba.
Sarafu ya kwanza.

Ndipo nikaelewa jambo ambalo vitanda havikunifundisha:
mkono dhaifu hauongezewi kitu.
Hakuna gundi ya nguvu, hakuna msumari.
Unachoweza ni kuupunguza ule wenye nguvu,
ukwangue, upime, ukwangue,
mpaka udhoofike kiasi cha mwenzake,
na mti mzima uwe umepoteza kitu
ndipo uitwe upinde.
Sikumtazama Baba nilipoliwaza hilo.
Nilipuliza vumbi.

Siku ya nne nikauvisha upote wenyewe,
kano za mgongo wa ng'ombe, kutoka kichinjio cha Molo,
nilizozisokota pajani hadi vinyweleo vikaisha.
Ncha ya chini juu ya kiatu, goti nyuma ya kishikio,
pumzi, sukuma,
kitanzi kikaingia mkatoni
na karakana yote ikanyamaza
ikisikiliza ufa.

Hakuna.

Nikapima nafasi kati ya uzi na mti:
juu vidole vitano, chini vinne na nusu.
Nikakichukua tena kile kioo.
"Acha," akasema Baba.
Ya pili hiyo.
Nusu kidole ikabaki palepale.

Hauna nguvu ya nguruwe wa msituni,
wala ya pelele aliye juu ya mti.
Ni upinde wa gunia la vumbi la mbao.
Tapkigen, binti yangu, miaka tisa,
alirudi shuleni akatukuta tunautazama tu
kama wanaume wawili walionunua ng'ombe asiye na maziwa.
Akatupa mkoba.
Baba akakamata kishikio kwa mkono wa kulia, akaunyoosha mbele.
Mtoto akajipenyeza kifuani pake,
akaushika upote kwa vidole vyenye wino,
akavuta hadi shavuni kwake.
Nikaiona mikono yote miwili ya mkole ikija,
wa juu umetangulia kidogo.

Mshale ukalipita gunia mbali kabisa,
ukaruka ua,
ukajichomeka kwenye kabichi ya jirani yetu Nyokabi,
ambaye tayari ana kesi nasi ya kuku.

Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo,
akatafuta mfukoni mwa ulimi wake,
akaitoa ya mwisho:

"Tena."