Swali la Nane

Karatasi ina maswali manane.
Saba ya kwanza ni hesabu tu:
usiku unaamka mara ngapi,
mara ngapi mkojo unakatika njiani kama redio mbovu,
mara ngapi unasimama unajikamua
na maji ya bombani yanakucheka.
Hayo nayajibu bila kupepesa.
Nimeendesha tramu hapa Łódź miaka thelathini na moja,
kuhesabu vituo ndiyo kazi niijuayo.

Mwaka jana nilipata alama ishirini na nane.
Laini nzima niliijua kwa vyoo vyake:
cha nyuma ya kanisa, zloti mbili na mama mkali mlangoni;
cha baa ya Seweryn, bure ukinunua chai,
na chai ndiyo hiyo hiyo inayokurudisha.
Toka hapo hadi kituo cha mwisho, dakika kumi na tisa
za kuuma meno na kuwatabasamia abiria.
Sikumwambia mtu.
Halszka alijua, kwa kuwa kitanda chetu ni kimoja
na godoro halitunzi siri.

Novemba wakanikwangua.
Hakuna kovu la kumwonyesha jirani; walipita njia ile ile ya mkojo,
kama fundi anayetoa kutu ndani ya bomba,
alisema Dakta Niemira, na mfano huo niliupenda.
Siku mbili na mpira, mfuko ukining'inia pembeni,
rangi ya mchuzi wa bitiruti wa mama yangu,
kila asubuhi umeongezwa maji kidogo.
Kisha mpira ukatoka. Muuguzi akanipa chombo, akafunga mlango.
Nikasimama.
Sauti ile!
Farasi wa baba alikojoa hivyo juu ya mawe ya uani,
na kuku wakakimbia.
Nikalia kimyakimya,
maana nilishaonywa: ukikohoa, kunavuja.

Sasa naamka mara moja, pengine nisiamke kabisa.
Anayeamka ni Halszka.
Saa nane. Saa tisa na nusu. Saa kumi na moja.
Ni ratiba yangu ya zamani, mwenyewe nimeshastaafu,
yeye bado anaiendesha.
Ananigusa bega: "Hujaenda?"
"Sijaenda."
"Una hakika?"
Basi tunabaki macho, wawili,
tunamsengenya dada yake wa Radom hadi kuche.

Kuna jambo moja halina kisanduku.
Raha ikifika, haitoki kitu.
Daktari alitangulia kusema: inarudi nyuma, inaingia kibofuni,
haidhuru. Nina miaka sitini na tisa,
si kwamba tulikuwa tunatafuta mtoto.
Lakini mara ya kwanza nilikaa ukingoni mwa kitanda
kama dereva aliyefika mwisho wa laini,
akageuka, akakuta behewa tupu.
Halszka akacheka, na si mimi aliyenicheka.
"Afadhali," akasema, "shuka zitadumu."

Swali la nane, basi.
*Ukiambiwa uishi hivi ulivyo sasa
hadi mwisho wa maisha yako, utajisikiaje?*
Visanduku saba, toka "nimefurahi mno" hadi "ni balaa."
Kalamu imefungwa kwa uzi, watu wa hospitali hawatuamini.

Jumapili tulipanda treni kwenda Radom kwa huyo dada.
Tiketi yangu ilikuwa ya dirishani.
Miaka saba nilikuwa nakaa kwenye ujia,
mguu mmoja nje, kama mwizi.
Niliona mashamba yaliyolala chini ya theluji,
kunguru, mtu anayevuta baiskeli iliyopasuka gurudumu,
vitu vya bure kabisa,
na sikujua choo kiko behewa gani.

Nimeweka alama kisanduku cha pili. Cha kwanza
nimemwachia mtu asiyekohoa.
Nikamrudishia binti wa mapokezi karatasi yake,
nikavaa koti, nikafika mlangoni,
nikageuka kumuuliza msalani ni wapi.

Sikuwa na haja.
Nilitaka tu kujua.