Safu ya Nasambu

Mfumo wa zamani uliingia kituoni kabla lami haijafika Mamboleo.
Ulikohoa kila stima iliporudi,
ukasahau nusu ya Jumanne.
Tuliuzoea, kama unavyouzoea mlango
ambao lazima uuinue kidogo ndipo ufunguke.

Jumatatu Elphas alikuja na mashine mpya, inanuka plastiki.
Mama Rading', akasema, wiki hii tunahama.
Wote elfu moja mia mbili na sita
wavuke upande huu kabla ya Ijumaa.
Akaniachia orodha ya makosa,
yote ya mkono wangu, miaka kumi na minne.

Nikafungua la kwanza.
Zedekia Obura, fundi wa kuchomelea, Kibuye.
Pikipiki na trekta la miwa, njia ya Ahero.
Miezi miwili mbele: Zakaria Obura, hana kazi.
Kisha: Obura tu, umri haujulikani,
ameletwa na mwanamke anayesema ni mkewe;
yeye anasema ni mwalimu wake wa darasa la tatu.

Watu watatu, kovu moja
juu ya sikio la kushoto, limepinda kama ndoana.
Mashine ikauliza: UNGANISHA?
Nikabaki na kidole hewani.
Penina huulizwa hilohilo kila alfajiri
anapomwekea kikombe mkononi
na kumkunjia vidole, kimoja, kimoja.

Nikabonyeza.
Hesabu ya Elphas ikapungua wawili
na hakuna aliyekufa.

Mfumo wa zamani uliwaita kesi.
Huu mpya unawaita wateja.
Nesi Nasambu, kabla hajastaafu akarudi kwao Chwele,
aliwaita wageni.

Kila kitu sasa kina kisanduku:
tarehe ya ajali, upande wa ubongo,
anatembea ndiyo, hapana, kwa msaada.
Hakuna *anatembea, ila hajui arudi wapi*.
Hakuna *amepona, lakini si yule*.

Na pembezoni mwa makaratasi, kwa kalamu nyekundu,
mwandiko wa Nasambu ulioinama kama mtama uliopigwa na mvua:
Huyu usimsalimie kutoka nyuma.
Huyu akisema maji anaweza kutaka chochote. Subiri.
Huyu akisikia honi, mpe kitu cha kushika.
Obura: mpe nati na bolti. Mikono bado inajua.

Haya yanakwenda wapi? nikauliza.
Elphas akainama, akasoma, akakuna shingo.
Hizo si data, mama.

Sikubishana naye.
Nilimuuliza tu amefikaje kazini.
Kwa pikipiki.
Na helmeti?
Akaisukuma kwa kiatu kutoka chini ya meza.
Kamba yake ilikatika tangu Desemba.

Tukasikiliza feni.
Kisha akavuta kiti, akapiga kibodi
muda mrefu kuliko nilivyodhani kazi hiyo inahitaji.
Safu tuiite nini?
Nikamwambia. Akaandika kwa herufi kubwa: NASAMBU.
Herufi mia mbili hamsini na tano, akanionya, isizidi.
Nasambu mwenyewe hakuwahi kuzidisha.

Jumatano Penina alimleta mumewe, mvua imewakuta Kondele.
Akakaa benchi lile lile, akakohoa kidogo,
akajipanga kuanza, kama kila mara:
ilikuwa saa mbili usiku, trekta halikuwa na taa…
Nikamwambia, tunayo. Pumzika.

Akanitazama kama mtu aliyeshushiwa mzigo
kabla hajafika nyumbani, asijue mikono aiweke wapi.

Obura alikuwa ameshapewa bolti yake.
Aliikaza, akailegeza, akaikaza.
Akaniuliza kwa adabu kama mimi ndiye Zedekia.

Nikarudi kwenye kiti changu.
Bado mia nane na kumi na tatu.