Nyuma ya Julai

Mwalimu Mwanate alikuja kwetu Langoni
saa ya watu kulala mchana,
ndara zake zikiburura mchanga wa kichochoro,
akagonga mlango kama anayedai kodi.
"Yu wapi kijana muliyemfita?"
Mama akasema hapana mtu, ni kuku tu.
Nikakohoa.

Nilikuwa na miaka tisa. Nyumba yetu niliijua kwa ukuta:
palipomomonyoka chokaa ni jikoni,
palipo na baridi ni birikani, na kupita hapo
dunia ilikuwa kwato za punda zikienda bila mimi.

Alinipa trei ya mayai, ameikata,
vishimo sita tu, vitatu kwa vitatu,
na kete za ukwaju ndani ya kopo la maziwa.
"Hili ni jina lako, Shee. Lipapase."
E ni kete mbili zilizokaa mshazari
kama majirani wasiosemezana barazani.
Na jina langu lina E mbili. Ugomvi mtupu!
Nikacheka. Mama alikuwa mlangoni;
nilisikia ungo wake umeacha kupepeta.

Karatasi ngumu hazikuwapo Amu.
Kila Januari alizunguka madukani
kuomba kalenda za mwaka uliokufa.
Abjadi yangu ilitobolewa kwa msumari nyuma ya Julai.
Babu, aliyeshuku kila kitu cha serikali,
aliposikia tunatoboa kutoka kulia kwenda kushoto
akajongea, akagusa, akasema:
"Basi haya ni ya kwetu."

Famau miguu yake haikumtii.
Kiti cha magurudumu kilipoletwa, kwa hotuba na picha,
kilikataliwa na ngazi ya kwanza ya kichochoro.
Mwalimu akaenda kukodi punda,
akamwita Naibu Chifu,
kwa kuwa huchelewa na hapana wa kumfukuza kazi.
Asubuhi zote tulimsikia: kwato, kisha Famau akitukana,
kisha kengele.

Ijumaa moja mtu mwema alimtia Famau sarafu mkononi.
Mwalimu akairudisha.
"Sadaka kampe mwenye haja. Huyu ana hesabu hajaimaliza."
Mji ulimsema siku nyingi, kwamba ana kiburi.
Alikuwa nacho. Alitugawia.

Sijasema bado habari ya Zena.
Mlango ule wa Tundani aliugonga mara nne.
Mara ya tano ulifunguka
na ndani palinukia ubani wa matanga.
Miaka saba, hakusikia, hakusema; homa ya siku tatu,
na hapana aliyejua kusoma vidole vyake
vilipoonyesha panapouma.

Mwalimu alirudi darasani. Hakulia, au alilia kimya
na sisi wengine kimya hatukioni.
Alichukua msumari, akalitoboa jina la Zena
katika daftari letu la mahudhurio, mwisho, baada ya Yunusi.
Kila asubuhi aliliita.
Tukanyamaza sote, hata Famau,
kadiri ya mtu kuvuta pumzi na kuishusha.
Kisha: "Fungueni hesabu."

Leo amestaafu, yuko Matondoni, magoti yanamsumbua,
na darasa ni langu.
Naita majina kwa kidole. Wengi wao siku hizi
huletwa na mama zao, mchana peupe.
Jina la mwisho nukta zake hulala kwa kuguswa.
Kila Januari nalitoboa upya
nyuma ya mwezi wowote uliobaki.

Jioni simu hulia. Hasalimu.
"Umemwita?"
"Nimemwita."
Hukata. Salio, asema, si la kupigia soga.